Safu na Jumla: Kulisoma Jedwali la New Orleans

Mwaka 1721, miaka mitatu baada ya Bienville kuweka kituo cha Wafaransa kwenye kona ya mto Mississippi, ofisa Diron d'Artaguette alihesabu watu wa New Orleans. Alichokipata kinaenea kwenye mstari mmoja: wanaume 145, wanawake 65, watoto 38, watumishi Wafaransa 29, watumwa weusi 172, watumwa "washenzi" 21, ng'ombe 36, farasi 9. Kwa kawaida wanahistoria huuchukua mstari huu, wakaacha ng'ombe na farasi, wakajumlisha watu 470, wakaendelea na safari yao. Mhakiki hana haraka hiyo. Mstari huu umetungwa. Kuna mtu aliyeamua nini kitangulie na nini kifuate, nani apewe sifa na nani aachwe bila sifa, na uamuzi wa namna hiyo ni suala la fani hata kama aliyeufanya alikuwa karani aliyetaka tu kumridhisha bwana wake.

Tuanze na mpangilio. Safu tatu za kwanza hazina kivumishi hata kimoja. Wanaume, wanawake, watoto, basi. Hatuambiwi rangi yao wala nchi waliyotoka, kwa sababu jedwali linaandikwa kwa ajili ya msomaji wa Paris, na kwa msomaji huyo "mwanaume" asiyeongezewa neno ni mtu wa aina yake. Kivumishi cha kwanza kinajitokeza kwenye safu ya nne: watumishi ni Wafaransa. Wamepewa taifa, na papo hapo wamenyang'anywa jinsia na umri. Huwezi kujua kama mmoja wao ni mjane wa miaka hamsini au kijana ambaye ndevu hazijaota. Safu ya tano na ya sita zinaleta weusi na ushenzi, na zikishaleta hayo hazileti kingine. Miongoni mwa watumwa 193 hakuna mwanaume, hakuna mwanamke, hakuna mtoto. Safu inayofuata ni ya ng'ombe.

Kadiri jicho linavyosogea kulia ndivyo mtu anavyopungua. Mshororo wa shairi letu la kimapokeo una ukwapi na utao, na mizani ya vipande hivyo hupatanishwa ili kimoja kisimlemee mwenziwe. Mshororo wa d'Artaguette unafanya kinyume cha makusudi: kipande cha kwanza kina familia nzima, cha mwisho kina kwato.

Wapo pia wasiomo. Kabla ya Wafaransa kufika, eneo hilo la ukingo wa mto liliitwa Bulbancha, na watu wa makabila mbalimbali, Wachitimacha na Wachoctaw miongoni mwao, walipita hapo, walifanya biashara hapo, wengine waliishi jirani. Jedwali linamtambua mwenyeji kwa sharti moja tu, kwamba awe ametekwa. Akiwa huru, hayumo. Mwaka huohuo mhandisi Adrien de Pauger alikuwa akichora mitaa ya mji kwa mistari iliyonyooka, miraba juu ya matope, na mtu akitandaza ramani ya Pauger kando ya jedwali la d'Artaguette ataona kwamba ni mkono wa zama moja. Tofauti ni kwamba mitaa ya Pauger watalii bado wanaitembea, wakati safu za d'Artaguette zimehamia kwenye karatasi nyingine, zikibadili majina njiani.

Kuhama huko ndiko ninakotaka kukufuatilia. Katika takwimu za New Orleans, tangu mstari ule hadi sensa ya 2020, kuna mvutano kati ya viungo viwili vya jedwali. Safu hutenga. Jumla huunganisha, lakini huunganisha pale tu penye faida kwa anayejumlisha. Watu ambao sheria iliwakataza kula, kusafiri na kuzikwa pamoja wamekutana kwa amani kwenye mstari wa chini kabisa, kwa sababu mji ulihitaji idadi yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote uliandikwa na meya. Kati ya Mei 1809 na Januari 1810, meli zilizotoka Cuba zilishusha bandarini wakimbizi wa Saint-Domingue, nchi ambayo tangu 1804 inaitwa Haiti. Walikuwa wamekimbilia Cuba wakati wa mapinduzi ya kwao. Napoleon alipoivamia Hispania, wakuu wa Cuba wakawafukuza Wafaransa. Meya James Mather akatoa hesabu yake: weupe 2,731, watu huru wenye asili ya Afrika 3,102, watumwa 3,226. Jumla 9,059, katika mji ambao sensa ya 1810 iliupa wakazi 17,242.

Tarakimu hizi zinanukuliwa katika karibu kila kitabu kinachohusu mji huo, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba zinapendeza. Mafungu matatu yanakaribia kulingana. Hakuna linalolizidi jingine kwa kishindo, hakuna linalofika nusu. Msomaji anapata picha ya jamii ya utatu, weupe na machotara huru na watumwa, iliyopimwa na kugawanywa kama mirathi. Wakrioli wa New Orleans, yaani wenyeji waliosema Kifaransa, waliokuwa wakiwaogopa Wamarekani wapya wanaosema Kiingereza, walipata nguvu kubwa kutokana na ujio huu, na tarakimu za Mather zina mwonekano wa uthabiti ambao jamii yenyewe haikuwa nao.

Lakini lisome fungu la tatu kwa kurudi nyuma. Utumwa ulifutwa Saint-Domingue mwaka 1793, na mwaka 1794 bunge la Paris likaufuta katika makoloni yote ya Ufaransa. Wengi wa hao 3,226 walikwishakuwa watu huru kisheria kabla ya kupanda chombo cha kwanza. Walivuka maji kwenda Cuba, wakavuka tena kuja Louisiana, na kila walipovuka kulikuwa na mtu kando yao aliyedai kwamba ni mali yake. Zaidi ya hapo, kuingiza watumwa kutoka nje kulikuwa kumepigwa marufuku Marekani tangu Januari 1, 1808, hata Bunge la Washington likalazimika kupitisha sheria ya msamaha Juni 1809 kwa ajili ya meli hizi. Kwa hiyo safu ya tatu ya meya haielezi hali iliyokuwepo bandarini. Inatoa hukumu. Mwanamke aliyeishi miaka kumi na mitano kama mtu huru anashuka gatini, karani anauliza anamfuata nani, anatia alama upande wa kulia, na kuanzia hapo hoja ya uhuru wake imefungwa. Sijui utanzu mwingine wa maandishi wenye uwezo wa kumtia mtu utumwani bila kutumia kitenzi hata kimoja.

Baada ya Mather jedwali linaanza kupata kiburi. Sensa ya 1820 ilihesabu watu 27,176. Ya 1830 ikafika 46,082. Ya 1840 ikaruka hadi 102,193. Meli za mvuke zilikuwa zimeugeuza mto kuwa barabara ya kwenda na kurudi, na pamba ya bonde zima ikaishia kwenye magati ya New Orleans. Jumla ya 1840 ndiyo iliyoufanya mji huo kuwa wa tatu kwa ukubwa nchini Marekani, nyuma ya New York yenye watu 312,710 na Baltimore iliyouzidi kwa watu 120 tu. Hadi leo vitabu vya wageni vinaitaja nafasi hiyo.

Ivunje jumla hiyo urudi kwenye safu zake: weupe 59,519, weusi na machotara huru 19,226, watumwa 23,448. Sasa fanya hesabu ambayo wenye mji hawakuwa na hamu ya kuifanya. Waondoe watu ambao kwa sheria ya Louisiana walikuwa mali, kwa sababu mali haihesabiwi miongoni mwa wakazi. Wanabaki 78,745, na New Orleans inashuka nyuma ya Philadelphia na Boston hadi nafasi ya tano. Mtumwa alikuwa bidhaa mnadani na mkazi kwenye jumla. Katiba ya Marekani ilikuwa imekwishaonyesha njia kwa kanuni ya kugawa viti vya Bunge, ambapo mtumwa aliingia kama sehemu tatu za tano za mtu. Kanuni ile angalau ilikiri kwamba kuna ulaghai unaofanyika, ikaupa kiwango. Jumla ya mji haikukiri lolote.

Kuna jambo jingine la kifani kwenye majedwali ya karne hiyo, nalo ni wakati. Kuanzia 1830 sensa ilimhesabu mtu kwenye makazi yake ya kawaida kama yalivyokuwa tarehe 1 Juni. Mji wa bandari huishi kwa wapitaji, na New Orleans ilipitiwa zaidi kuanzia vuli hadi mwanzo wa joto, majira ambayo pamba na sukari vilishuka mtoni na soko la watumwa, kubwa kuliko yote nchini, lilijaa. Ikifika Juni wenye uwezo wamekwishaanza kuihama homa ya manjano. Maelfu waliofungiwa kwenye nyua za madalali wakati wa baridi, wakauzwa, wakapelekwa mashambani juu ya mto, hawakuwahi kuwa wakazi wa mji huo kwa mujibu wa karatasi. Walikuwa uchumi wake, na jedwali halina safu ya uchumi.

Vilevile linaruka makaburi. Kati ya sensa ya 1850, iliyopata watu 116,375, na ile ya 1860, iliyopata 168,675, ulipita msimu wa joto wa 1853, ambapo homa ya manjano iliua karibu watu 8,000. Wengi walikuwa wahamiaji wapya, Waairishi na Wajerumani waliofika bila kinga ya mwili waliyokuwa nayo wenyeji. Ukiweka 1850 na 1860 kando kwa kando unaona kupanda tu. Na hata kupanda kwenyewe si kwa matumbo ya akina mama na meli za wahamiaji pekee: mwaka 1852 mji wa jirani wa Lafayette ulimezwa na New Orleans, mwaka 1870 ikafuata Algiers iliyo ng'ambo ya mto pamoja na Jefferson City, mwaka 1874 Carrollton. Familia ililala Lafayette ikaamka New Orleans bila kuhamisha hata kigoda.

Hata hivyo mahali penye utajiri mkubwa kwa msomaji wa fani ni dodoso la 1850, si matokeo yake. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, sensa ya Marekani iliacha kumtaja mkuu wa kaya peke yake ikaorodhesha kila mtu huru kwa jina. Kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza, ya watu huru, ilikuwa na jina, umri, jinsia, rangi, kazi, thamani ya ardhi, mahali pa kuzaliwa. Ya pili, ya watumwa, ilianza na jina pia, ila lilikuwa jina la mwenye mali. Chini yake zilifuata tarakimu, kila mtu na mstari wake: umri, jinsia, rangi, na alama kama ni kipofu, kiziwi au mtoro. Rasimu iliyofikishwa Seneti ilikuwa na nafasi ya jina la mtumwa. Maseneta wakaijadili, wakaifuta, wakaweka namba. Hapa tuna kitu adimu katika uhakiki wa majedwali, yaani rasimu na marekebisho yake, na tunajua kwamba ukimya wa karatasi ya pili haukutokana na uvivu wa karani. Ulipigiwa kura.

Rudi sasa kwenye karatasi ya kwanza, safu ya rangi. Maagizo kwa makarani yalisema mweusi aandikiwe herufi moja, chotara nyingine, na mweupe aachiwe nafasi tupu. Ndiyo safu zile tatu za d'Artaguette zimerudi baada ya miaka 129. Weupe hauandikwi, ni rangi ya karatasi yenyewe. Mtu anatiwa wino pale tu anapokengeuka kutoka kwenye karatasi.

Utupu huo ulikuwa na matokeo. Sensa ya 1840, kama tulivyoona, iliwapata weusi na machotara huru 19,226. Ya 1850 iliwapata 9,905. Watu 9,321 wametoweka ndani ya miaka kumi katika mji uliokuwa unakua. Sheria dhidi yao zilikuwa zikikazwa na wapo waliohama nchi. Wapo pia wanahistoria wasioiamini kabisa hesabu ya 1840. Mimi ningeongeza uwezekano unaotokana na umbo la dodoso lenyewe. Fundi cherehani mwenye ngozi nyeupe, anayesema Kifaransa, anayemiliki nyumba yake, anapotembelewa na karani mwenye haraka, hana haja ya kudanganya. Karani asipoandika kitu, fundi amekwishahamia safu nyingine. Ni wangapi walihama hivyo hatuwezi kuwahesabu, maana mhamaji wa namna hiyo ishara yake ni kukosekana kwa ishara.

Kufikia 1860 safu zimebadilika sura: weupe 144,601, weusi na machotara huru 10,689, watumwa 13,385. Mji ambao mwanzoni mwa karne ulikuwa na wengi wenye asili ya Afrika sasa ulikuwa na weupe zaidi ya asilimia 85, na miongoni mwa hao walikuwemo Waairishi zaidi ya 24,000 na Wajerumani karibu 20,000 waliozaliwa kwao. Watumwa walikuwa wakiuzwa mashambani, ambako bei ilikuwa nzuri, na kazi zao za gati na nyumbani zikachukuliwa na wahamiaji. Tazama basi kejeli ya jedwali: waliokuwa wakivunjika migongo magatini kwa ujira wa kijungujiko wote waliachiwa nafasi tupu ya rangi sawa na mwenye benki.

Vita vikapita, utumwa ukafutwa, na mwaka 1870 watu wa karatasi ya pili wakapata majina. Niseme wazi kwamba katika karne nzima hiyo ndiyo hatua ya kifani iliyo kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo majedwali yaliyochapishwa hayawezi kuionyesha, kwa kuwa jina halijumlishiki.

Kisha ikaja 1890, na safu zikapatwa na wazimu. Kwa amri ya Bunge, karani alitakiwa atofautishe mweusi, chotara, mwenye robo na mwenye thumni ya damu ya Kiafrika, juu ya weupe, Wachina, Wajapani na Wahindi Wekundu. Maagizo yalitaka usahihi wa duka la dhahabu: mwenye robo tatu au zaidi ni mweusi, kati ya thumni tatu na thumni tano ni chotara, robo ni robo, thumni au chembe yoyote ni thumni. Chombo cha kupimia kilikuwa macho ya karani mlangoni. Matokeo ya nchi nzima yalichapishwa, watu wa robo 105,135 na wa thumni 69,936, na ofisi ya sensa yenyewe ikaonya kwamba tarakimu hizo zinapotosha. Soma zile nambari za mwisho, tano na sita. Hakuna hofu iliyojificha vizuri kama ile inayojifanya usahihi.

Mwaka huohuo wa 1890 serikali ya jimbo la Louisiana ilitunga jedwali lake, la mbao na chuma. Sheria ya mabehewa iliyopitishwa Julai ilitaka kila treni iwe na sehemu mbili, ya weupe na ya weusi. Washington ilikuwa na safu nane, Louisiana ikawa na mbili, na mtu mmoja alitakiwa aenee kwenye majedwali yote mawili. Machotara wa New Orleans waliusoma udhaifu huo vizuri kuliko wanasheria wengi. Kamati yao ya Raia ilimchagua Homer Plessy, fundi viatu, mtu wa thumni kwa hesabu za wakati ule, ambaye macho ya kondakta yasingemtilia shaka. Juni 7, 1892 alikata tiketi ya daraja la kwanza kwenda Covington, akaketi behewa la weupe, akajitambulisha, akakamatwa kama ilivyopangwa. Ili sheria ivunjwe ilibidi mvunjaji atangaze safu yake kwa mdomo, kwa sababu mwili wake haukuitangaza. Hoja ya kesi ilikuwa hoja ya kifani: nani ana mamlaka ya kumwandika mtu, na kwa ushahidi gani? Mahakama Kuu iliikwepa Mei 18, 1896, ikasema kutenga hakukiuki usawa, na uamuzi huo ukadumu zaidi ya nusu karne.

Karatasi za 1890, ambazo zingetuonyesha karani wa mtaa wa Tremé alimwandika Plessy na majirani zake vipi, karibu zote zilipotea baada ya moto uliotokea Washington Januari 1921. Jedwali lililotaka kuona kila tone la damu ndilo ambalo hatuwezi kulifungua mlango kwa mlango.

Yaliyofuata yapitiwe haraka. Chotara akaondolewa 1900, akarudishwa 1910 na 1920, akafutwa moja kwa moja 1930, na kuanzia hapo mwenye babu mmoja Mwafrika alikuwa mweusi tu. Jumla iliendelea kupanda hadi 627,525 mwaka 1960, ikaanza kushuka: weupe walihamia vitongoji vya nje ya mpaka baada ya shule kufunguliwa kwa wote, na mpaka ambao karne ya kumi na tisa ulikuwa ukisogea kuwafuata watu safari hii ulikaa palepale. Mwaka 2000 walibaki 484,674, takriban asilimia 67 kati yao weusi. Mwaka huo pia ndio mtu aliporuhusiwa kutia alama kwenye zaidi ya rangi moja, na kalamu sasa ilikuwa mkononi mwake. Wavietnamu waliofika kuanzia 1975 na kujenga maisha yao mashariki ya mji, karibu na kanisa lao la Maria Malkia wa Vietnam, waliingia kwenye safu ya Waasia bila kelele.

Agosti 29, 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kingo za mifereji zikapasuka, na sehemu kubwa ya mji ikakaa chini ya maji kwa wiki kadhaa. Sensa haina mwaka 2005. Ina 2000 na ina 2010, na tofauti kati ya 484,674 na 343,829 ni pungufu ya watu 140,845. Namna ya kuliandika pengo hilo ndiyo iliyonishughulisha. Taarifa nyingi zililiandika kwa asilimia: weusi walishuka kutoka 67 hadi 60, weupe wasio Walatino wakapanda kutoka takriban 27 hadi 30. Sentensi hiyo ni kweli na ina sumu. Asilimia humlazimisha msomaji aamini kwamba mia ni ileile. Katika mia isiyobadilika, mmoja akishuka mwingine hupanda, na anayesoma anapata hadithi ya watu wanaopokezana viti. Weka idadi zenyewe uone: weusi walipungua kwa takriban 118,000, na weupe, hao hao waliopanda, walipungua kwa takriban 24,000. Katika makundi hayo mawili hakuna aliyepanda. Mji mzima ulizama, ila haukuzama kwa usawa, na waliozuiwa kurudi hawakuzuiwa na maji peke yake. Mwishoni mwa 2007 baraza la mji liliidhinisha kubomolewa kwa takriban nyumba 4,500 za umma, nyingi zikiwa imara, ambazo wapangaji wake walikuwa weusi karibu wote. Jedwali linawaonyesha kama nafasi ya desimali. Waliohamia Houston wako kwenye jumla ya Texas, wakiongeza fahari ya mji mwingine unaokua.

Sensa ya 2020 iliupa mji watu 383,997, Walatino wakiwa karibu asilimia 8, miongoni mwao Wahondurasi na wajenzi waliokuja kuinua mapaa baada ya mafuriko.

Lipo jedwali moja la New Orleans lisilofuata fani hii, na halikutungwa na serikali. Mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall, mzaliwa wa mji huo, alitumia miaka mingi kwenye mahakama za Louisiana akifungua hati za mauzo, mirathi na ukombozi wa watumwa zilizoandikwa kwa Kifaransa, Kihispania na Kiingereza. Mwaka 2000 alichapisha kanzidata yenye maelezo ya watumwa zaidi ya 100,000. Kila mstari unamhusu mtu mmoja: jina, umri, ustadi, ugonjwa, mama yake kama anajulikana, aliyemuuza, bei, na mara nyingine taifa lake. Humo mna Wabambara, Wawolofu, Wamandinka, Wakongo, Waigbo, na kwa mshangao wa msomaji wa pwani yetu, Wamakua, watu ambao kwao ni upande huu wa Bahari ya Hindi, kutoka Nampula hadi Masasi.

Usidhani nafasi hiyo ya taifa iliachwa na makarani wenye huruma. Mthibitishaji wa hati aliandika kwamba huyu ni Mmakua, anajua useremala, ana ngiri, kwa sababu mnunuzi alitaka kujua anachonunua. Hati ya kuuzia mtu ilihitaji kumjua mtu kuliko sensa ya kumwakilisha. Seneti ilifuta jina kwenye sensa. Dalali hakuweza kulifuta, angemwita vipi mnadani? Na bado, katika mistari iliyo mingi, nafasi ya taifa iko tupu, utupu wa aina nyingine kabisa na ule wa 1850.

Ubora wa kazi ya Hall kwa mtazamo wa fani ni kwamba inasumbua ukitaka kuijumlisha. Kila hati imeingia kwa nafasi yake, kwa hiyo mtu aliyeuzwa, akarithiwa, kisha akauzwa tena anaweza kuwa na mistari mitatu, pengine kwa majina mawili na umri usiolingana. Ukiwahesabu kama watatu umezidisha. Ukitaka kuwaunganisha lazima usome mstari baada ya mstari, ulinganishe jina la mama na jina la muuzaji, uamue kama Marie wa hati hii ndiye Marie wa hati ile, na kwa wengi wao hutafikia uamuzi.